SOMO: KABLA YA KUMPA MGENI JEMBE

Wahenga walisema, "Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe." Katika miradi yetu hapa Bariadi na Mkoa wa Simiyu kwa jumla tumepokea wageni wenye ujuzi: madaktari, wahandisi wa maji, walimu. Tunamshukuru Mungu kwa ajili yao. Lakini kwa mgeni wa namna hii, jembe halitolewi kabla ya kibali. Katika somo hili tutaona sheria inataka nini, na kwa nini matakwa yake yana faida kwetu.

Sheria inasemaje?

Sheria ya Kuratibu Ajira za Wageni ya mwaka 2015 inampa Kamishna wa Kazi mamlaka ya kutoa vibali vya kazi. Kibali cha ukaazi ni kingine, na hutolewa na Idara ya Uhamiaji. Kwa hiyo mgeni mmoja anahitaji vibali viwili, na cha kazi ndicho hutangulia.

Vibali vya kazi vina madaraja matano:
A – wawekezaji na waliojiajiri;
B – taaluma maalumu, kama watumishi wa afya na walimu wa sayansi na hisabati;
C – taaluma nyingine;
D – shughuli za dini na hisani;
E – wakimbizi.

Kibali cha kazi hutolewa kwa muda usiozidi miezi 24. Kinaweza kuhuishwa, lakini kina ukomo. Tena kinafungwa na mwajiri na kazi iliyotajwa. Aliyeombewa kufundisha shule fulani hahamishiwi mradi mwingine kwa sababu tu mkuu wa mradi amependa.

Wengi wetu hukosea hapa: tunadhani asiyelipwa mshahara hahitaji kibali. Sivyo. Kujitolea hakumwondolei mgeni wajibu huo, na viza ya matembezi si ruhusa ya kufanya kazi. Hata anayekuja kwa wiki chache aombewe idhini ya kazi ya muda mfupi kabla hajafika.

Maswali mawili ya msingi

Mwajiri anayeomba kibali hukutana na maswali mawili. La kwanza: umemtafuta Mtanzania mwenye ujuzi huu ukamkosa? La pili: ni nani atakayerithi kazi mgeni akiondoka? Sheria inamtaka mwajiri awe na mpango wa kurithisha ujuzi.

Tukiri kosa letu. Mwaka mmoja tulimwombea kibali fundi wa pampu za maji zinazotumia umeme wa jua. Kwenye mpango wa kurithisha tuliandika jina la kijana wetu mmoja ili fomu ijae. Baada ya miezi michache tukampa kijana yule kazi ya udereva. Mgeni alifanya kazi yake vizuri, muda ukaisha, akarudi kwao. Kiangazi kilichofuata pampu ilisimama. Kitabu cha maelekezo kilikuwepo, wa kukielewa hakuwepo. Akina mama wakarudi kufukua mchanga mtoni kutafuta maji, na sisi tuliokuwa na karatasi zote halali hatukuwa na jibu la kuwapa.

Tangu hapo tunafanya hivi:
1. Tunatangaza nafasi kwanza hapa nchini, na kutunza ushahidi wa tangazo na usaili.
2. Tunakusanya nyaraka mapema: mkataba, wasifu, vyeti, pasipoti na usajili wa taasisi. Daktari huhitaji pia kusajiliwa na Baraza la Madaktari, na mhandisi na Bodi ya Usajili wa Wahandisi.
3. Hatukati tiketi ya ndege kabla vibali havijatoka. Siku hizi maombi hutumwa kwa mtandao, hivyo umbali wa Bariadi si kisingizio.
4. Tunateua warithi wawili, si mmoja, na kila robo mwaka tunawapima kwa vitendo. Mgeni hukaa pembeni, wao hufungua mashine.

Musa hakungoja siku ya kufa ndipo amtafute Yoshua. Alitembea naye miaka mingi. Mgeni mwema hufurahi kuona wenyeji wakimudu kazi bila yeye, na mwenyeji mwema humwandalia watu wa kuwafundisha.

Maswali ya kujadili katika kamati za miradi

1. Je, kila mgeni anayefanya kazi kwetu sasa ana vibali vyote viwili? Vinaisha lini?
2. Mgeni wetu akiondoka kesho, ni kazi gani itasimama?
3. Mrithi tuliyemwandika kwenye fomu yuko wapi leo, na anafanya kazi gani?

Kamati ikishindwa kujibu swali la tatu, ianzie hapo kabla ya kuomba mgeni mwingine.