Kifo cha Anne Boleyn: Hatia au Hila?

Tarehe 19 Mei, 1536, Anne Boleyn, mke wa pili wa Mfalme Henry wa Nane wa Uingereza, alikatwa kichwa katika Mnara wa London. Alishtakiwa kuzini na wanaume watano, akiwemo nduguye George, na kula njama ya kumwua mfalme. Je, alikuwa na hatia?

Wanahistoria wanatofautiana. Eric Ives anashikilia kuwa Thomas Cromwell, waziri wa mfalme, ndiye aliyemtegea kwa sababu za kisiasa. Retha Warnicke anakitafuta chanzo katika mimba iliyoharibika Januari 1536. G. W. Bernard naye anaona kuwa huenda baadhi ya mashtaka yalikuwa ya kweli.

Hoja ya Bernard inayumba. Miongoni mwa wanaume hao, ni mwanamuziki Mark Smeaton pekee aliyekiri. Aidha, Ives amebainisha kuwa tarehe nyingi katika hati ya mashtaka haziwezekani, kwani Anne au mshtakiwa mwenzake hakuwa mahali palipotajwa. Isitoshe, ndoa yake ilibatilishwa siku mbili kabla ya kuuawa. Ikiwa hakuwahi kuwa mke, aliivunjaje ndoa? Siku 11 baadaye, Henry alimwoa Jane Seymour. Aisomaye hati ya mahakama, basi, hana budi kuuliza iliandikwa kwa manufaa ya nani.