Kuipa Kromu ya Pikipiki Sura ya Kikale

Leo nawaletea somo la kazi ya mkono, kazi iliyonitia mashakani huko kwetu Langas.

Kaka yangu ni mwendeshaji wa bodaboda hapa Eldoret. Madigadi na duara la taa ya pikipiki yake ni vya kromu. Vilikuwa viking'aa kama kioo, lakini mizigo na changarawe vikavijaza mikwaruzo. Kupaka kromu upya ni ghali. Nikawaza, kwa nini nisiuondoe huo mng'aro, ibaki sura ya fedha kuukuu yenye mistari myembamba? Mikwaruzo ingejificha humo humo.

Nikachukua msasa mkali wa seremala, nikaanza na duara la taa. Nilisugua kwa nguvu, huku na huku, mpaka ikatokea rangi ya manjano kidogo, kisha chuma chenyewe. Mvua za Aprili ziliponyesha, wiki haikuisha kabla ya kutu kutokea. Kaka akaniita. "Wewe kijana, unajua hii pikipiki ndiyo karo yako?" Sikuwa na la kujibu.

Kumbe kromu ni ngozi tu. Unene wake aghalabu haufiki sehemu moja ya elfu ya milimita. Unywele wako ni mnene kuliko hiyo mara hamsini au zaidi. Chini yake kuna nikeli, ile niliyoiona ya manjano, na chini ya nikeli ndipo chuma kilipo. Ukishafika chuma, umealika kutu.

Madigadi basi niliyafanya kwa adabu. Kwanza niliyaosha kwa sabuni yakatakata, maana chembe moja ya mchanga hukata mfereji. Kisha nikachukua kile kitambaa kigumu cha kijani cha kuoshea vyombo, nikakilowesha maji ya sabuni, nikasugua polepole kwa kufuata urefu, upande mmoja tu. Usizungushe mkono hata kidogo! Mistari ikipishana, kazi imeharibika. Kila baada ya muda nilisuuza na kutazama. Ukiona umanjano, acha mara moja. Waya wa kusugulia sufuria pia usitumie, kwa sababu vipande vyake hubaki vikashika kutu. Mwisho nilikausha nikapaka nta ya gari, ambayo hurudiwa mara kwa mara, hasa wakati wa mvua.

Kuna wanaosema tindikali humaliza kazi haraka. Jamani, msijaribu. Ile ya chumvi hula kromu yote na moshi wake huchoma mapafu, na maji yanayobaki ni sumu. Hata vumbi la kusugua kavu si zuri kifuani, ndiyo maana mimi nilitumia maji.

Madigadi yamepita msimu mzima wa mvua salama, na wenzake kaka pale stejini wameanza kuniulizia. Duara la taa nililipaka rangi nyeusi. Kaka akiliona hucheka. Mimi sicheki.