Hofu ya Mtumishi wa Afya Serikali Inapopunguza Matumizi



Katika somo la mwezi huu twataka kuangalia jambo linalowasumbua wengi wa wale wanaotuhudumia tunapougua, nalo ni hofu ya kupoteza kazi. Muuguzi wa zahanati, daktari wa hospitali ya wilaya, mpimaji wa maabara, mhudumu afuaye shuka na kuosha sakafu, wote hao huishi kwa mshahara wa serikali. Serikali ikisema ya kwamba fedha hazitoshi, na ya kuwa matumizi hayana budi kupunguzwa, ndipo huanza kuulizana, Je, mwakani nitakuwapo hapa? Watu wengine huwacheka, wakisema, Maradhi hayaishi duniani, basi mtu wa dawa atakosaje kazi? Lakini neno hilo si kweli. Magonjwa yaweza kuongezeka, na nafasi za wauguzi zikapungua katika miaka ile ile. Jambo hili limekwisha kutokea katika nchi yetu, nasi yatupasa kujifunza lilivyotokea.

1. Mambo yaliyotokea Tanzania

Baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967, serikali ilijenga zahanati na vituo vya afya vijijini, na watu wakatibiwa humo bila malipo. Kazi ya uuguzi ikahesabiwa kuwa kazi ya maisha: mtu aliyeajiriwa akiwa kijana alitazamia kustaafu katika kazi hiyo hiyo. Kisha mambo yakageuka. Bei ya mafuta ilipanda, mazao yetu yakapata bei ndogo, na vita vya mwaka 1978 na 1979 juu ya Idi Amin vikala fedha nyingi. Hazina ikawa tupu. Mwaka 1986 serikali ilipatana na Shirika la Fedha la Kimataifa ili ipate mikopo, na katika miaka iliyofuata ilitakiwa kupunguza matumizi yake, hata hesabu ya watumishi wake.

Tangu mwaka 1993 upunguzaji huo ulionekana wazi. Makumi ya maelfu ya watumishi wa serikali wa kila namna waliachishwa kazi, na ajira mpya zikazuiwa. Mwaka huo huo wagonjwa walianza kuchangia gharama za matibabu katika hospitali za serikali.

Sasa angalieni hesabu. Katikati ya miaka ya 1990 watumishi wa afya walikuwa kama 67,000. Mwanzoni mwa karne hii walikuwa wamepungua hata chini ya 55,000. Lakini watu wa nchi, waliokuwa kama milioni 23 katika hesabu ya mwaka 1988, walikuwa wamepita milioni 34 mwaka 2002. Tena UKIMWI, ambao wagonjwa wake wa kwanza walitambulika Kagera mwaka 1983, ulikuwa umeenea mikoa yote. Basi wagonjwa waliongezeka, na mikono ya kuwauguza ikapungua. Yule aliyecheka hofu ya muuguzi na atazame hesabu hii.

2. Njia nne za kupunguza

Watu wengi hudhani kwamba kazi hupotea kwa njia moja tu, yaani barua ya kuachishwa. Lakini njia ni nne, na yafaa kuzipambanua.

Ya kwanza ni barua yenyewe. Hiyo ni chungu, lakini angalau ni wazi. Mtu huijua siku yake, na aweza kudai haki yake.

Ya pili ni nafasi kuachwa wazi. Muuguzi akistaafu, au akifa, au akihama, hapana anayewekwa mahali pake. Hakuna aliyefukuzwa, wala hakuna kelele. Lakini aliyebaki hufanya kazi ya wawili, halafu ya watatu. Kwa njia hii tulipoteza watu wengi katika miaka ile. Pia ndiyo sababu ya jambo linaloshangaza wengi, kwamba zahanati yaweza kuwa na muuguzi mmoja tu, na katika kijiji hicho hicho akakaa nyumbani kijana mwenye cheti cha uuguzi asiye na kazi. Uhitaji wa wagonjwa peke yake hauajiri mtu. Huajiri fedha iliyotengwa katika makadirio ya serikali.

Ya tatu ni mkataba mfupi. Mtu huajiriwa kwa mwaka mmoja au miaka mitatu, bila pensheni, naye hajui kama mkataba utaandikwa tena. Jirani zetu wa Kenya waliona hayo. Mwaka 2020 serikali yao iliajiri maelfu ya watumishi wa afya kwa mikataba ya miaka mitatu. Mikataba ilipokwisha iliongezwa kwa muda tu, na mwaka 2025 wengi wao walikuwa wakikesha nje ya Wizara ya Afya mjini Nairobi, wakidai ajira ya kudumu.

Ya nne ni kupunguza malipo. Mtu hubaki kazini, lakini mshahara au posho hupungua. Mwaka 2024 serikali ya Kenya ilitaka kuwalipa madaktari walio katika mwaka wa mazoezi shilingi 70,000 kwa mwezi, ingawa mapatano yaliyoandikwa mwaka 2017 yaliwapa zaidi ya 200,000. Madaktari waligoma tangu Machi hata Mei, na mwishoni mwa mwaka ule serikali ikakubali kufuata mapatano. Neno moja la kukumbuka hapa: mapatano yale yalikuwa yameandikwa na kutiwa sahihi. Neno la mdomo lisingalifaa kitu.

3. Fedha itokayo mbali

Tena kuna watumishi walio katika zahanati na hospitali zetu, lakini mshahara wao watoka katika hazina ya nchi nyingine. Tangu mwaka 2003 Marekani ilikuwa na mpango mkubwa wa kupigana na UKIMWI, na kwa fedha zake waliajiriwa wauguzi, washauri, wapimaji na waandishi wa takwimu katika Afrika ya Mashariki. Tarehe 20 Januari 2025 Rais wa Marekani aliamuru misaada ya nje isimamishwe siku 90 ili ichunguzwe. Mwezi wa Machi ikatangazwa ya kuwa asilimia 83 ya mipango ya shirika lao la misaada, USAID, imefutwa, na tarehe 1 Julai shirika lenyewe likafungwa. Watumishi wengi walirudishwa nyumbani bila kumaliza hata mwezi.

Hospitali za Kanisa nazo haziko mbali na jambo hili. Baadhi yake, kama Machame na Nyakahanga, zilipatana na serikali kuwa hospitali teule za wilaya, na serikali hulipa mishahara ya watumishi katika hospitali za namna hiyo. Basi upepo uvumao katika hazina, ya kwetu au ya wageni, hufika hata wodini kwetu.

4. Hofu hufanya nini

Hofu hii si uvivu, wala si upungufu wa uaminifu. Muuguzi ana watoto wa kusomesha, ana wazee wa kutunza, pengine ana mkopo alioukopa kwa dhamana ya mshahara wake. Lakini hofu ikikaa sana huharibu kazi. Mtu mwenye hofu haonyeshi kasoro iliyo kazini, asije akahesabiwa mkorofi na jina lake likatangulia katika orodha. Wenzake huwatazama kama washindani. Asubuhi yuko wodini, jioni yuko katika biashara yake ndogo, na usingizi humpata mahali pasipofaa. Na wale wenye ujuzi mkubwa huondoka kwanza, maana ndio wanaoweza kupata kazi kwingine.

Hapo ndipo hasara kubwa ilipo. Gari lisiponunuliwa mwaka huu, laweza kununuliwa mwakani. Lakini muuguzi wa stashahada husoma miaka mitatu, na daktari miaka mitano, kisha mwaka wa mazoezi. Wala ujuzi wa miaka ishirini wodini haununuliwi po pote. Mwaka 2007 serikali ya Tanzania ilianza mpango wa kuweka zahanati katika kila kijiji na kituo cha afya katika kila kata. Majengo yalijengwa mengi, lakini watumishi hawakutosha. Kupunguza watu kwaweza kutendeka kwa sahihi moja; kuwarudisha ni kazi ya muda mrefu.

5. Mambo yafaayo kutendwa

Mtumishi mwenyewe kwanza na aujue mkataba wake. Na aweke nakala ya barua ya ajira, za kupandishwa daraja, na hati za mshahara, nyumbani kwake, mahali pakavu. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 yamtaka mwajiri anayekusudia kupunguza watu atoe taarifa mapema, aeleze sababu, na kushauriana na chama cha wafanyakazi. Tena yampa aliyefanya kazi mwaka mmoja au zaidi malipo ya kuachishwa, yasiyopungua mshahara wa siku saba kwa kila mwaka aliomaliza, mpaka miaka kumi. Lakini mkataba ukiisha kwa muda wake, malipo hayo hayadaiwi. Ndiyo sababu yafaa kuusoma kabla ya kutia sahihi. Sheria za mwaka 2018 za mifuko ya hifadhi ya jamii ziliweka pia fao la kukosa ajira. Wengi hawakudai kitu kwa sababu hawakujua.

Pili, asikae peke yake. Watumishi wa serikali na afya wana chama chao, TUGHE, na neno la wengi husikiwa kuliko neno la mmoja.

Tatu, wakubwa wa hospitali na waseme kweli mapema. Ni afadhali habari mbaya iliyo wazi kuliko uvumi wa miezi sita. Mtu akijua ya kuwa mkataba wake utakwisha Juni, aweza kujitengeneza; asipojua, huogopa kila siku.

Nne, nasi tulio wagonjwa tunayo sehemu yetu. Tukingoja saa nne zahanatini, upesi twamlaumu muuguzi aliye mbele yetu. Lakini yeye ndiye aliyebaki. Aliyepaswa kusimama kando yake hakuajiriwa. Basi lawama na tuipeleke mahali pake. Zahanati ina kamati yake, kijiji kina mkutano wake, kata ina diwani. Huko na tuulize: Kwa ikama tulitakiwa kuwa na watumishi wangapi? Tunao wangapi? Nafasi zilizo wazi zimeombewa fedha katika makadirio ya mwaka huu? Yafaa kuuliza kabla makadirio hayajapitishwa. Yakiisha kupita, swali huja kuchelewa.

Serikali pengine haina budi kupunguza matumizi, kama mwenye nyumba katika mwaka wa njaa. Lakini mwenye nyumba mwenye akili hali mbegu. Hao waliojifunza kutibu ndio mbegu ya miaka ijayo, na mtu asiyesema neno wanapopungua hana haki ya kushangaa siku atakapougua na kukuta mlango umefungwa.

Maswali ya kuzungumza pamoja

1. Kwa nini kazi ya muuguzi yaweza kupungua hali wagonjwa wanaongezeka?
2. Taja njia nne za kupunguza watumishi. Ni ipi iliyo vigumu kuonekana, na kwa nini?
3. Zahanati ya kwenu ina watumishi wangapi, na nafasi ngapi zi wazi? Ni nani atakayekwenda kuuliza, na lini?
4. Kama yuko kati yenu aliyeachishwa kazi ya afya, mmemsaidiaje kuzijua haki zake?