Boti Ikifika au Boti Inafika Saa Ngapi? Maswali na Majibu ya Vishazi vya Kiingereza kwa Wanafunzi wa Kazimia

Maswali haya yamepangwa kwa wanafunzi wa mwaka wa sita wa Kazimia wanaojiandaa na Exetat, mtihani wa taifa wa kumaliza sekondari, pamoja na wenzao wa Baraka na Fizi. Mwanafunzi wa huku haingii kwenye Kiingereza mikono mitupu. Nyumbani anasema Kibembe au lugha nyingine ya kwao, sokoni Kiswahili, darasani Kifaransa. Lugha hizo zinajua mambo mengi ambayo kitabu cha sarufi ya Kiingereza kinayaeleza kwa kurasa kumi. Zina mitego yake pia, na tutaitaja.

Swali la 1: Kishazi ni nini hasa?

Ni kile ambacho mwalimu wa Kifaransa anakiita "proposition": fungu la maneno lenye mtenda na kitenzi chake. Kishazi huru kinasimama peke yake. Kishazi tegemezi hakiwezi. Simama bandarini umwambie mtu "When the boat arrived", halafu unyamaze. Atabaki anakutazama, anangoja umalizie.

Kishazi tegemezi kikifanya kazi ya jina, mtihani utakiita "noun clause". Kikifanya kazi ya kielezi, yaani kikisema lini, wapi, kwa nini au kwa sharti gani, ni "adverb clause". Kwa Kifaransa ulijifunza "complétive" na "circonstancielle". Hapa tuko karibu na pale pale.

Swali la 2: Kuna njia ya haraka ya kuvitenganisha?

Zipo mbili, na zinafanya kazi vizuri zikitumiwa pamoja. Ya kwanza ni kuweka neno "something" mahali pa kishazi. Ya pili ni kukiondoa kabisa uone kilichobaki.

"Burton believed that Ubwari was an island." Weka "something": "Burton believed something." Sentensi inakubali. Ondoa: "Burton believed." Imekatika, inangoja kitu. Basi hicho ni kishazi nomino. (Na ni kweli Burton, mpelelezi Mwingereza, aliamini hivyo alipofika ziwa Tanganyika na mwenzake Speke mwaka 1858. Ghuba iliyo kati ya Baraka na Ubwari bado ina jina lake kwenye ramani, ingawa mtoto yeyote wa Baraka angemwambia kwamba Ubwari imeshikana na nchi kavu.)

"The Germans sank the Graf von Götzen in 1916 so that the enemy could not take it." Ondoa kuanzia "so that". Iliyobaki imekamilika: Wajerumani walizamisha meli. Tumepoteza kusudi tu, sentensi haikuvunjika. Hicho ni kishazi cha kielezi, cha kusudi. Meli yenyewe iliibuliwa mwaka 1924, na tangu 1927 ikajulikana kwa jina la Liemba.

Swali la 3: Kishazi nomino kinakaa wapi katika sentensi?

Popote jina linapoweza kukaa. Baada ya kitenzi, kama cha Burton. Baada ya "is": "The trouble is that the engine has no oil." Baada ya kihusishi: "We argued about who would carry the net." Na mwanzoni, ambako wanafunzi wengi wanaanguka: "What the trader said surprised us." Hapa kishazi chote, "What the trader said", ndicho mtenda wa "surprised". Ukiuliza "Nini kilitushangaza?" unakipata chote kwa pamoja.

Swali la 4: Nimefundishwa kwamba "when" ni neno la wakati, kwa hiyo kishazi chake ni cha kielezi. Ni kweli?

Si kweli, na kosa hili linapoteza pointi nyingi. Neno la mwanzo halitoshi kukuambia aina ya kishazi.

Chukua sentensi hii moja: "Tell me when the boat arrives." Mama mkwe amekaa kwenye mizigo yake ufukweni Kazimia anasubiri boti ya kwenda Kalemie, na anakwambia maneno hayo. Anataka nini? Labda anataka kulala kidogo, umwamshe boti ikionekana. Labda anataka umwambie saa sasa hivi, ajue kama ana muda wa kurudi nyumbani kuchukua sufuria aliyoisahau. Kiingereza kinatumia maneno yale yale kwa yote mawili. Kiswahili hakikubali, kinakulazimisha uchague:

"Niambie boti ikifika."

"Niambie boti inafika saa ngapi."

Ya kwanza ina -ki-. Kishazi kinasema lini umwambie, basi ni cha kielezi. Ya pili ina "saa ngapi". Kishazi ndicho kitu chenyewe unachoambiwa umwambie, basi ni nomino.

Ndiyo maana nasema tafsiri kimoyomoyo kabla ya kuchagua jibu. Kishazi cha "when" kikigeuka -po- au -ki-, ni cha kielezi: "I will call you when the boat arrives", nitakupigia boti ikifika. Kikigeuka "lini" au "saa ngapi", ni nomino: "I don't know when the boat will arrive", sijui boti itafika lini. Jaribu kusema "sijui boti ikifika". Sikio lako litakataa kabla sarufi haijakataa.

Swali la 5: Mbona sentensi moja ina "arrives" na nyingine ina "will arrive"?

Umeona vizuri. Kishazi cha kielezi cha wakati, hata kikisema mambo ya kesho, hakichukui "will". Kishazi nomino kinaweza kuchukua. Kwa hiyo ukikuta "will" baada ya "when", karibu kila mara uko kwenye kishazi nomino.

Hapa lugha zako mbili zinakuvuta upande mmoja, na upande huo si sahihi. Kiswahili kinasema "atakapokuja", na -ta- imo ndani. Kifaransa kinasema "quand il viendra", wakati ujao pia. Ndiyo maana madaftari ya huku yamejaa "When he will come, I will tell him". Kwa Kiingereza ni "When he comes". Wenzetu wa Kigoma waliosomeshwa kwa Kiingereza wanalikosea pia, kwa ajili ya Kiswahili. Sisi tunavutwa na kamba mbili.

Swali la 6: Na "if"?

Hapa, kwa bahati nzuri, Kifaransa kinakusaidia. "S'il vient" kwa sharti, bila wakati ujao. "Je ne sais pas s'il viendra" kwa jambo lisilojulikana, wakati ujao unaruhusiwa. Kiingereza kinafanya hivyo hivyo: "If he comes, we will leave together" ni kielezi cha sharti, "I don't know if he will come" ni nomino. Fuata Kifaransa kwa "if", kiache kwa "when".

Kiswahili kina ugumu kidogo kwa sababu "kama" inabeba mizigo yote miwili: "Kama anakuja, tutaondoka pamoja" na "Sijui kama atakuja". Dawa ni kujaribu -ki-. "Akija, tutaondoka pamoja" inakubali. "Sijui akija" haikubali. Kipimo cha Kiingereza chenyewe ni "whether": ikiweza kukaa mahali pa "if" bila kubadili maana, ni kishazi nomino.

Swali la 7: Je, kipimo cha -po- kinafaa kwa "where"?

Hakifai, na ni afadhali ujue leo kuliko siku ya mtihani. "Najua nyavu zilipo" ina -po, lakini kwa Kiingereza "I know where the nets are" ni kishazi nomino: "I know something." Kwa "where" rudi kwenye njia mbili za swali la 2. "He sat where the nets were drying": huwezi kusema "He sat something", na "He sat" inasimama yenyewe. Kielezi cha mahali.

Swali la 8: Kwa nini mwalimu alinikata kwa "I don't know where is he"?

Kwa sababu ulitafsiri "sijui yuko wapi" ukaongeza mpangilio wa swali la Kiingereza. Mtu akiuliza, kitenzi kinatangulia: "Where is he?" Swali hilo likimezwa na sentensi nyingine na kuwa kishazi nomino, si swali tena, mtenda anarudi mbele: "I don't know where he is." Vivyo hivyo "do" na "did" zinatoka: "Ask her what she wants", si "what does she want".

Swali la 9: "That" inanichanganya. Iko kila mahali.

Ina haki ya kukuchanganya. Tazama hizi:

"The fisherman said that the wind was strong." Nomino. Kwa Kiswahili, kwamba.

"The wind was so strong that nobody went out." Kielezi cha tokeo. Kwa Kiswahili, hata au kiasi kwamba. Dalili ni "so" au "such" iliyotangulia.

"The wind that tore the sail came from the south." Hii si nomino wala kielezi, inaeleza upepo gani, inafanya kazi ya kivumishi. Mtihani huiweka kati ya majibu ili ikutege.

Kisha jozi ambayo inawashinda hata walimu wakichoka. "The news that the road was closed reached Fizi." "The news that he brought reached Fizi." Kwa macho zinafanana. Kwa Kiswahili hazifanani hata kidogo: habari *kwamba* barabara imefungwa, habari *aliyoileta*. Ya kwanza inasema habari yenyewe ni ipi, ni nomino. Ya pili ina -yo-, ni kivumishi. Kwenye Kiingereza jaribu "which": inakaa katika ya pili, katika ya kwanza haikai.

Wakati mwingine "that" haipo kabisa: "I think the boat is full." Hesabu vitenzi. Viko viwili, basi kishazi kimejificha, kama katika "nadhani boti imejaa".

Kuhusu "I am glad that you came", vitabu havikubaliani. Vingine vinakiita nomino, vingine kielezi cha sababu, na Kiswahili nacho kinasema "nafurahi kwamba umekuja" na "nafurahi kwa kuwa umekuja" bila kuona shida. Mimi ningeandika nomino, ila usigombane na mtu kwa hilo.

Swali la 10: Aina za vishazi vya kielezi ni ngapi?

Wakati, mahali, sababu, kusudi, tokeo, sharti, kinyume, namna, ulinganisho. Usiikariri orodha bila mifano. Angalia zaidi maneno yenye sura zaidi ya moja: "since" ni tangu au kwa kuwa, "while" ni wakati au ilhali, "as" ni kadiri, kama au kwa sababu. Maana ya sentensi ndiyo inaamua.

Jambo moja la "although". Kiswahili kinaruhusu "Ingawa ziwa lilijaa, lakini watu walibaki." Kiingereza kinataka moja tu: "Although the lake rose, people stayed." Ukiongeza "but" umeharibu.

Swali la 11: "Whatever" ni ya upande gani?

Pande zote. "Whatever you catch is yours": ndicho mtenda wa "is", nomino. "Whatever you catch, come home before noon": ondoa, amri inabaki nzima, kielezi. Koma inasaidia kuona.

Swali la 12: Tupe sentensi za kujipima.

Funika majibu kwa mkono.

a) "When Che Guevara crossed the lake in 1965, he came to Fizi from Kigoma."
b) "At first few people knew who Tatu really was."
c) "He left because the war was going badly."
d) "Do you know if the teacher has come?"
e) "Nobody remembers when they built this church."
f) "She speaks as if she were born in Baraka."
g) "That the lake is deep does not frighten the children."

Majibu. (a) Kielezi cha wakati: alipovuka. (b) Nomino, Tatu ni jina alilopewa Che, namba ya Kiswahili, na ona mpangilio: "who Tatu really was", si "who was Tatu". (c) Kielezi cha sababu. (d) Nomino, weka "whether". (e) Nomino: walilijenga lini. Aliyejibu kielezi kwa sababu ya "when" arudi swali la 4. (f) Kielezi cha namna. (g) Nomino, mtenda wa "does not frighten". Na hao watoto utawakuta sasa hivi wanaogelea kando ya mitumbwi, juu ya ziwa lenye kina cha mita 1,470 kule kwenye kilindi chake.