Arubuni na Ahadi: Somo kwa Wanaowafuata Wateja Majumbani na Mahotelini

Katika Kendwa na vijiji jirani wapo wananchi wengi wanaoendesha maisha yao kwa kazi isiyo na duka. Wapakaji hina, wasusi, wapambaji wa maharusi na wapiga picha huchukua mikoba yao wakamfuata mteja alipo, iwe ni nyumba ya harusi au hoteli ya pwani. Kazi hizi zina hasara moja isiyomgusa sana mwenye duka. Mteja wa dukani akighairi, bidhaa hubaki rafuni ikauzwa kesho. Mpakaji hina akivunjiwa ahadi saa mbili kabla ya kazi, siku yake imepotea, nauli imekwenda, na hina aliyoikoroga haikai muda mrefu kabla ya kupungua nguvu ya rangi yake.

Somo la toleo hili linahusu arubuni, yaani fedha anayoitanguliza mteja ili kuthibitisha ahadi, na namna ya kuitumia kwa haki pale ahadi inapovunjika.

Muhali na gharama yake

Tuchukue mfano. Mama mmoja wa Kendwa ameombwa kwenda Mkokotoni kumpaka hina bibi harusi, siku ya Alkhamisi ndani ya Mfungo Mosi, wakati ambapo harusi ni nyingi. Bei waliyokubaliana ni shilingi 80,000. Amenunua vifaa, amekoroga hina, na amekataa kazi mbili za siku hiyo hiyo. Asubuhi anapigiwa simu kuwa shughuli imesogezwa mbele. Akidai chochote, ataonekana mwenye tamaa. Asipodai, hasara yote ni yake. Na kwa kuwa mama wa bibi harusi ni mtu wa kwao, muhali humfunga mdomo.

Tatizo la mama huyu halikuanza Alkhamisi asubuhi. Lilianza siku alipoikubali kazi bila ya kutaja masharti. Neno linalosemwa mwanzo huwa sharti. Neno hilo hilo likisemwa mwisho huwa ugomvi.

Arubuni katika fiqhi na sheria

Neno arubuni tumelipokea kutoka Kiarabu, na suala lake wamelijadili mafakihi kwa karne nyingi. Wanazuoni wengi, wakiwemo wa madhehebu ya Shafi yanayofuatwa na Waislamu wengi wa Unguja, waliikataa biashara ya arubuni kwa kuchelea kuwa muuzaji huchukua mali ya mwenzake bila ya kumpa kitu. Imamu Ahmad bin Hanbal aliiruhusu. Mwaka 1993, Akademia ya Kimataifa ya Fiqhi ya Kiislamu ilipokutana Brunei iliamua kuwa biashara hiyo inafaa iwapo muda wa kusubiri umewekwa wazi: mnunuzi akitimiza, arubuni huhesabiwa ndani ya bei, akiacha, humbakia muuzaji. Ambaye moyo wake haujatulia katika jambo hili na amuulize mwanachuoni anayemwamini.

Sheria ya mikataba tuliyoirithi hapa Zanzibar, ambayo chimbuko lake ni sheria ya India ya mwaka 1872, nayo humtazama aliyevunjiwa mkataba kwa jicho la kadiri: hustahiki fidia inayofaa, isiyozidi kiasi kilichotajwa katika makubaliano.

Kutokana na hayo tunapata kanuni moja. Arubuni si faida, wala si adhabu. Ni kipimo cha hasara, nacho kitajwe kabla, pamoja na muda wake.

Kupima kiasi

Turudi kwa mama wa Kendwa. Tuseme vifaa vimemgharimu shilingi 12,000, nauli ni 8,000, na kwa kuzikataa kazi nyengine ameweka 10,000. Arubuni yake ni shilingi 30,000, naye anaweza kumweleza mteja kila shilingi imetoka wapi. Masharti yake yanaweza kuwa haya:

Kwanza, mteja akighairi siku tatu kabla au zaidi, arejeshewe fedha zote, kwani hina haijakorogwa na siku bado inaweza kupata mteja mwengine.

Pili, akighairi siku moja kabla, hina imeshakorogwa lakini safari haijafanyika. Arejeshewe nauli, shilingi 8,000.

Tatu, akighairi siku yenyewe, arubuni yote ibaki kwa mpakaji.

Nne, mpakaji akipata mteja mwengine kwa siku hiyo na hina ile ile, hasara imeondoka. Uungwana unamtaka arejeshe kile ambacho hakukipoteza.

Tano, mpakaji akishindwa yeye, arejeshe arubuni yote kabla ya kudaiwa, na amsaidie mteja kumpata mwenziwe wa kushika nafasi yake. Mizani ina sahani mbili. Anayetaka mteja aheshimu ahadi naye aiheshimu.

Udhuru usio wa mtu

Zipo siku ambazo hakuna wa kulaumiwa. Mwaka 2020, UVIKO-19 ulipoingia na safari za ndege za kimataifa zikasitishwa, wageni walitoweka pwani yetu na kazi zilizokwisha kuagizwa zikaanguka kwa pamoja. Msiba na maradhi ya ghafla pia humkuta yeyote. Kwa hali kama hizo, inafaa wakubaliane mapema kuwa kazi itasogezwa mara moja bila ya malipo mapya, na arubuni ifuate tarehe mpya. Vifaa vilivyokwisha kuharibika wagawane gharama yake nusu kwa nusu.

Kuandika na kuhifadhi

Wahenga walisema: mali bila daftari hupotea bila habari. Si lazima mkataba uwe wa kurasa nyingi. Ujumbe mmoja wa simu unatosha, kwa mfano: “Nimepokea arubuni shilingi 30,000 kwa kazi ya hina, Alkhamisi saa nane mchana, Mkokotoni. Bei yote ni 80,000, zimebaki 50,000. Ukighairi hadi Jumatatu, nitarejesha zote. Jumanne na Jumatano nitarejesha 8,000. Siku yenyewe hakuna marejesho. Tafadhali nijibu kuwa umekubali.” Jibu la mteja lihifadhiwe hadi kazi imalizike.

Kwa mgeni wa hoteli, masharti yaandikwe kwa lugha anayoifahamu na kwa sarafu atakayolipa. Iwapo fedha inapitia mikononi mwa muongozaji au mapokezi ya hoteli, ijulikane mapema nani atairejesha. Inapotumwa kwa simu, ijulikane pia nani atabeba makato ya kutuma na kurejesha.

La mwisho, na ndilo linalowaangusha wengi: arubuni isitumike kabla ya wakati wake, isipokuwa kununulia vifaa vya kazi ile ile siku za marejesho kamili zikishapita. Aliyeitumia kwa mahitaji ya nyumbani, kisha akatakiwa kuirejesha, hujikuta na deni, na jina lake huchafuka kijiji kizima.

Nasi tulio wateja tunalo letu. Anayejua shughuli yake imesogezwa apige simu siku ile ile aliyojua, asisubiri asubuhi ya kazi kwa kuona haya. Mzozo ukitokea, pande mbili zikae na ujumbe wao mkononi. Wakishindwa kuelewana, wamwendee sheha wao awasuluhishe kabla ya shauri kufika mbali. Ahadi ni deni, na deni lililoandikwa ni rahisi kulilipa na ni rahisi kulisamehe.