Habari za Figo Ndani ya Mkojo

Mwaka 2023 Hospitali ya King Faisal hapa Kigali ilianza kupandikiza figo. Kabla ya hapo wagonjwa walikwenda nchi za nje, kama India. Lakini figo ikiisha kupandikizwa, daktari ajuaje kama yaendelea vizuri? Hupima kreatinini katika damu, lakini kipimo hicho huchelewa: figo yaweza kupoteza nguvu nyingi kabla hakijapanda. Njia nyingine ni kuingiza sindano na kutoa kipande cha figo, nayo yaweza kumtoa mgonjwa damu.

Basi wataalamu wameugeukia mkojo. Chembe hai za figo hutoa vijifuko vidogo mno, vyenye utando na protini za chembe iliyovitoa. Mwaka 2004, Pisitkun, Shen na Knepper wa Marekani walionyesha kuwa vijifuko hivyo vimo mkojoni. Kila kimoja ni kama barua yenye muhuri wa posta: akuaporini-2, kwa mfano, yatuambia kwamba barua imetoka katika mifereji ya kukusanyia mkojo.

Msomaji wa mihuri ni mtambo uitwao flosaitometa. Kwanza hutiwa kingamwili zenye rangi ing'aayo, kila aina ikishika protini yake tu. Kisha vijifuko hupitishwa kimoja kimoja katika mkondo mwembamba mbele ya mwali wa leza. Hutawanya mwanga, rangi hung'aa, na mtambo huhesabu. Mitambo ya namna hii imetumika Rwanda kuhesabu chembe za CD4 katika damu ya wenye virusi vya UKIMWI.

Lakini hapa pana mtego. Chembe ya CD4 ina upana wa nanomita 7,000 hivi. Vijifuko vingi havifiki 200. Vingi havionekani, na vikipita pamoja mtambo huviona kama kimoja. Kwa hiyo mpimaji huzimua sampuli mara mbili: idadi yapasa kupungua nusu, na mng'ao wa kila kimoja usibadilike. Kisha hutia sabuni ya maabara, nayo huyeyusha utando. Kitakachohesabiwa baada ya hapo si kijifuko.

Kipimo hiki bado kimo mikononi mwa watafiti, wala hakijachukua nafasi ya sindano. Mtambo huhesabu chochote kipitacho. Kuthibitisha kilichohesabiwa ni kazi ya mtu.

Swali: Sampuli imezimuliwa mara nne, idadi haikupungua ila mng'ao umefifia. Kwa nini?