SOMO LA AFYA: MAHALI MATUMBO MAWILI YANAPOKUTANA



Kijana ameamka akiumwa na tumbo karibu na kitovu. Chakula hataki. Jirani mmoja anasema ni minyoo, mwingine anasema amefunga choo, basi anapewa dawa ya kuendesha. Ikifika usiku maumivu yamehamia chini, upande wa kulia. Je, ni sisi, tungefanyaje?

Kwanza tupajue mahali penyewe. Mtu mzima ana utumbo mwembamba wa karibu mita 6, na utumbo mpana wa karibu mita moja na nusu. Yote miwili inaungana upande wa kulia, chini ya kitovu. Hapo pana kilango cha nyama. Kinapitisha mabaki ya chakula kidogo kidogo, na kuzuia uchafu usirudi nyuma. Chini ya kilango utumbo mpana huanza kama mfuko, na kwenye mfuko huo ndipo kinaponing'inia kidole tumbo.

Magonjwa ya mahali hapa:

1. Kidole tumbo kuvimba. Ndiyo habari ya yule kijana. Mgonjwa hutapika, hupata homa, na akikohoa au akitembea anaumia zaidi. Kikipasuka, maumivu yaweza kutulia kidogo, watu wakasema amepona. Kumbe usaha unaenea tumboni! Dawa ya kuendesha yaweza kuharakisha kupasuka.

2. Homa ya matumbo (taifodi). Hufanya vidonda mwisho wa utumbo mwembamba. Isipotibiwa, utumbo waweza kutoboka.

3. Utumbo kujiingiza ndani ya utumbo. Huwapata hasa watoto wasiotimiza mwaka. Mtoto hulia kwa vipindi akikunja miguu, hutapika, na baadaye choo huwa na damu na ute.

Tufanye nini?

Si kila tumbo linalouma ni haya, lakini wa kuamua ni daktari. Kwa dalili hizi msimpe dawa ya kuendesha, msimpige bomba la maji, msimkande tumbo. Asile, maana huenda akapasuliwa. Mpelekeni hospitali siku hiyo hiyo, msingoje kesho.

Maswali ya kujadiliana:

1. Mgonjwa akizidiwa saa nane usiku, tutatumia gari la nani?
2. Je, kikundi kina fedha za dharura? Mweka hazina akisafiri, nani atazitoa?
3. Maji tunayokunywa tunayachemsha? Kila boma lina choo?

Msifunge mkutano kabla swali la kwanza halijapata jibu.